Nimepewa au Nimekatwa? Kuuhakiki Ujumbe wa Tokeni

Mama mmoja, jirani yangu hapa Kombani, hukaanga mahamri alfajiri, kabla matatu za Likoni hazijaanza kuita abiria pale njia panda ya kupandia Kwale. Jioni moja ya Julai, upepo wa kusi ukivuma na kuni za uani zimelowa, alinikuta barazani akanipa simu yake. "Nisomee hapa, mwanangu. Nimetuma mia mbili. Hii nimepewa au nimekatwa?"

Nikamsomea ujumbe wa tokeni mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza alibaki ananitazama, akingoja. Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa, na swali lake lilikuwa halijajibiwa. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na hapa najaribu kulijibu kwa njia ninayoijua, njia ya mhakiki: kuiweka matini mezani na kuichunguza fani yake.

Huenda msomaji akashangaa kuona ujumbe wa simu ukihakikiwa kama ubeti wa shairi. Lakini nathubutu kusema kwamba katika vyumba vingi vya kupanga hapa kwetu, huo ndio waraka wa mambo ya umma unaosomwa mara nyingi zaidi, kuliko hotuba ya bajeti, kuliko gazeti. Maudhui yake yamejadiliwa sana: mwenye kipato kidogo asaidiwe vipi kulipia nishati ya nyumbani kwake? Bunge limejadili, redio zimejadili. Fani imeachwa, ilhali ndiyo inayoamua kama msaada umefika mlangoni au umepotelea njiani.

Tuanze na umbo. Ujumbe ni mfupi. Kwanza huja nambari ya mita. Inafuata tokeni yenyewe, tarakimu 20 zilizokatwa vipande vitano vya nne nne. Kisha tarehe na saa, kisha uniti, kisha pesa ulizotuma. Mwishoni kuna vipengele viwili vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha mkato: "TknAmt", ndizo pesa zilizonunua umeme wenyewe, na "OtherCharges", ndiyo makato mengine yote kwa jumla. Basi, umekwisha.

Kinachonigusa kwanza ni kwamba matini hii haina kitenzi hata kimoja. Kuna majina na kuna tarakimu. Sasa rudi kwenye swali la mama: nimepewa, nimekatwa. Swali zima limejengwa kwa vitenzi, na vitenzi vyenyewe vimebeba kila kitu: ni- anayetendewa, -me- jambo lililokwisha kutimia, -w- ya kutendwa inayoashiria kwamba yuko mtendaji hata kama hakutajwa. Kwa neno moja la Kiswahili mama ameuliza nani, lini na kwa nani. Ujumbe aliotumiwa hauna mtendaji wala mtendwa. Hakuna anayetoa na hakuna anayekata, kuna tarakimu zilizopangwa zikafuatana. Ndiyo maana nilisoma kila neno na swali likabaki palepale. Lugha ya swali na lugha ya jibu hazikukutana.

Angalia pia mahali ambapo mpangilio mzuri umewekwa. Zile tarakimu 20 ndizo sehemu pekee yenye mwendo. Zimegawanywa kwa usawa, kila kipande kina pumzi yake, na katika nyumba nyingi utasikia mtoto wa darasa la tano akizisoma kwa sauti huku mkubwa akibonyeza: sita mbili nane tisa, kituo, sifuri nne moja moja, kituo. Zinasomeka kwa urahisi kama mishororo yenye mizani. Lakini tarakimu hizo zimeandikiwa mita. Msomaji wake ni kile kidude cha vitufe kilicho ukutani. Sehemu inayomhusu binadamu, inayosema pesa zake zimekwenda wapi, ndiyo iliyofinywa ikawa kifupisho. Aliyeuandika ujumbe alimfikiria msomaji mmoja kwa makini, na msomaji huyo ni mashine.

Hapo tunafika kwa wahusika. Mhusika mkuu ametajwa katika neno la kwanza kabisa, naye ni mita. Jina la mama halimo, wala idadi ya watu wanaolala chini ya paa lile. Hili lingekuwa jambo dogo la mtindo kama msaada wenyewe usingepimwa kwa kipimo hichohicho.

Maana msaada upo, na haki itendeke kwa kuusema. Mwaka 2018 Kenya iliondoa ada ya kila mwezi ya shilingi 150 iliyokuwa ikilipwa hata na asiyewasha taa, na kuanzia Novemba mwaka huo wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 100 kwa mwezi walitozwa shilingi 10 kwa uniti, kabla ya makato. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Aprili 2023 Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ilitangaza viwango vipya. Mpaka wa nafuu ukashushwa kutoka uniti 100 hadi 30. Aliye chini ya 30 akawekewa shilingi 12 na senti, aliye kati ya 30 na 100 akawekewa shilingi 16 na senti, aliyezidi hapo akapandishiwa zaidi. Kundi lako linaamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na ukivuka mpaka si uniti ya 31 peke yake inayopanda bei. Zote zinapanda.

Sasa ingia nyumba anayoishi jirani yangu. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, choo uani, mita moja kwenye ukuta wa mbele. Wapangaji hununua tokeni kwa zamu, na zile mia mbili zilikuwa zamu yake. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 12 kwa mwezi kwa taa, simu, redio na feni ndogo. Vyumba sita ni uniti 72. Kila familia peke yake iko chini kabisa ya mpaka wa nafuu, lakini mita haijui familia. Imehesabu mteja mmoja wa uniti 72, mtu wa tabaka la pili, ikamtoza bei yake. Kusini ya hapo, kwenye ufuo wa Diani, nyumba ya mapumziko iliyofungwa miezi tisa ya mwaka ina mita yake peke yake, na wastani wake unaweza kuangukia chini ya 30. Msaada uliokusudiwa kwa mkaanga mahamri unaweza kumfikia mwenye nyumba ya ufukweni bila yeye kuuomba wala kuuhitaji. Simlaumu mwenye nyumba hiyo. Ndivyo inavyokuwa mita ikifanywa mhusika mkuu wa hadithi inayowahusu watu.

Nilimwambia mama turudi nyuma kwenye simu yake na simu za wenzake. Tulikaa barazani na jumbe za miezi mitatu, tukajumlisha uniti kwenye karatasi ya kufungia mahamri. Wastani ulipita 30, tena mbali. Hakuna hata ujumbe mmoja kati ya hizo uliosema nyumba ile iko kundi gani. Katika istilahi za uhakiki tungesema kuna msimulizi asiyeonekana mwenye kumbukumbu: anakumbuka miezi mitatu yako, anaitumia kukuhukumu, na hukumu yake hukutana nayo ikiwa imeyeyushwa ndani ya tarakimu ya uniti. Msomaji anaona matokeo, sababu haioni.

Kipengele cha mwisho, yale makato mengine, ndicho kinachohitaji kusomwa polepole zaidi. Neno moja limebeba vitu saba au zaidi: kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, gharama ya mafuta ya mitambo ya kuzalisha umeme, marekebisho ya thamani ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, tozo ya mdhibiti wa nishati, tozo ya rasilimali za maji, na asilimia 5 ya mpango wa kupeleka umeme vijijini. Vitu hivi havifanani. Kodi inakwenda hazina kuu. Gharama ya mafuta inapanda mvua ikikosekana na mabwawa yakipungua, kwa hiyo inabeba habari ya hali ya hewa ya nchi. Marekebisho ya fedha za kigeni yanabeba habari ya madeni.

Na ile asilimia 5 ya vijijini, hiyo inanigusa kuliko zote. Ni mchango. Kila anayenunua tokeni Kombani anachangia nguzo na nyaya za mtu aliye ndani huko Kinango au upande wa Lunga Lunga ambaye hajapata taa. Mama yule, anayehesabu kila shilingi ya unga na mafuta, ni miongoni mwa waliolipia umeme wa wengine, na hajawahi kuambiwa asante, wala hata kuambiwa kwamba ametoa. Ujumbe umemficha aliyempa, umemficha aliyemkata, na umemfichia pia utoaji wake mwenyewe. Katika jamii yetu, ambamo mchango wa harusi au matanga huandikwa daftarini kwa jina na kiasi na kusomwa mbele za watu, kufichwa namna hiyo ni upungufu mkubwa wa adabu ya maandishi.

Kuna hoja ya kutetea ujumbe, nami naiheshimu. Ujumbe wa simu una nafasi ya herufi 160. Tena anayetaka mchanganuo wa makato anaweza kuupata kwa kubonyeza nambari fupi ya huduma. Ni kweli. Lakini mchanganuo unaotafutwa huwafikia wanaojua kwamba upo, na wanaojua ni walewale wasiohitaji kusomewa. Kuhusu nafasi, nimejaribu kuandika mstari ninaoudai: "Nafuu: NDIYO. Wastani 24 kati ya 30." Ni herufi 36, pamoja na vituo na nafasi. Kwa herufi 36 mama angejua yuko wapi, amebakiza uniti ngapi kabla ya mpaka, na kama feni izimwe saa nne usiku au iachwe mpaka watoto walale.

Huko ng'ambo kuna mfano unaoonyesha kwamba jina la msaada lina kazi yake. Uingereza, tangu 1997, wazee hulipwa fedha kila mwaka kwa ajili ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali. Ni fedha taslimu. Mzee anaweza kununulia mkate au zawadi ya mjukuu, hakuna anayemfuata. Lakini zimepewa jina, malipo ya mafuta ya majira ya baridi. Wanauchumi wa Institute for Fiscal Studies walipima jina hilo linafanya nini. Kama ingekuwa pesa tu iliyoongezwa mfukoni, matumizi ya kawaida ya nyumba zile yaliashiria kwamba asilimia 3 hivi ndiyo ingekwenda kwenye kupasha joto. Waligundua kwamba ilikuwa kati ya asilimia 40 na 50. Jina lilielekeza mkono. Na serikali ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 2024 kuwanyima malipo wazee wapatao milioni 10 na kuwaachia maskini zaidi peke yao, kelele zilizopigwa zililazimisha uamuzi urudishwe nyuma mwaka uliofuata kwa wazee wengi. Walijua wamenyang'anywa nini kwa sababu walikuwa wanajua jina lake.

Linganisha na Aprili 2023 kwetu. Mpaka wa nafuu ulishuka kutoka 100 hadi 30, na mpangilio wa ujumbe wa tokeni ukabaki uleule: mita, tokeni, tarehe, uniti, pesa, makato. Nyumba iliyokuwa ndani ya nafuu Machi ikawa nje bila mstari mmoja kuongezwa au kupunguzwa. Watu waliona tu kwamba mia mbili haifiki tena ilipokuwa ikifika, wakasema mita inakimbia. Nimelisikia neno hilo mara nyingi pale stejini, mita inakimbia. Ni taswira sahihi kuliko wanavyodhani waliozoea kuicheka. Aliyenyimwa mtendaji katika matini amempata mtendaji wa karibu zaidi na kumpa miguu.

Jirani zetu wa Tanzania wana la kutufunza hapa, ingawa nao wana malalamiko yao. Mfumo wao wa kulipia umeme kabla ya kutumia unaitwa LUKU, na LUKU ni sentensi nzima ya Kiswahili iliyokunjwa: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Ina vitenzi viwili. Na mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ana kundi lenye jina, D1, lenye bei ya shilingi 100 ya kwao kwa uniti. Watu hulitaja kundi hilo mtaani, hulidai, huuliza kwa nini wametolewa. Huwezi kudai urudishwe mahali ambapo hukujua ulikuwapo.

Kuna matini ya pili ninayotaka kuigusa, kwa kifupi, kwa kuwa inasikika Kombani kila mwezi tarehe 14 jioni redio inapotangaza bei za mafuta. Umbo lake ni jedwali: petroli, dizeli, mafuta ya taa, Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu. Kipimo ni lita. Lakini nani hapa mtaani hununua mafuta ya taa kwa lita? Mtu hupeleka chupa akasema nipe ya hamsini. Tangazo linasema kiasi kisichobadilika na bei inayobadilika, mnunuzi anasema bei isiyobadilika na kiasi kinachobadilika. Bei ikipanda, haoni shilingi zimeongezeka, anaona taa imezimika mapema. Mwaka 2018 kila lita ya mafuta ya taa iliwekewa tozo ya shilingi 18 ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Kusudi lilikuwa kulinda injini za magari. Waliolipa ni wenye koroboi, na bei wanayotajiwa redioni haiitaji tozo hiyo.

Gesi nayo ina hadithi yake. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2016, ikarudi 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Aliyesikia alishangilia. Ila mtungi wa kilo 6 hujazwa wote kwa mkupuo, huwezi kusema tia ya hamsini, na msamaha wa kodi unamfikia tu aliyeweza kuzikusanya pesa zote siku moja. Kwa asiyeweza kuna makaa ya mkebe, jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mjadala wa baridi na joto la nyumba si wa Ulaya peke yake. Julai hapa kwetu mtoto hulala katika chumba chenye seredani inayomalizikia kwa sababu uani kuna matope na kuni mbichi, na hewa anayovuta ni sehemu ya bei ya nishati ambayo hakuna tangazo linaloitaja.

Katiba ya 2010 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa kipimo cha vifungu hivyo viwili, na hata bila ya kuongeza shilingi moja ya ruzuku, ujumbe wa tokeni haujatimia. Hukumu yangu kama mhakiki ni kwamba ni matini iliyokamilika kwa mashine na isiyokamilika kwa mtu.

Kwa hiyo nilirudi kwa mama na karatasi yetu ya hesabu. Nilimwambia, "Mama, umekatwa. Nafuu ipo, lakini hii nyumba yenu inahesabiwa kama mtu mmoja." Alinyamaza kidogo, akauliza kama mwenye nyumba anaweza kuweka mita ya kila chumba, na ni pesa ngapi. Halafu akaenda kuukanda unga.

Viwango vilivyotangazwa 2023 vilipangiwa kufika mwaka wa fedha 2025/26, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla vipya havijapitishwa. Wewe unayesoma haya, uwe Kombani, Tiwi, Ukunda au Msambweni, usifute jumbe zako za tokeni. Jumlisha uniti za miezi mitatu uzigawanye kwa tatu, hesabu na familia zinazotumia mita hiyo. Siku ya kikao njoo na karatasi yako, usimame, udai mambo mawili: mstari wa nafuu uandikwe kwa Kiswahili katika kila ujumbe, na nyumba ya vyumba vingi ihesabiwe kwa familia zilizomo.